Grafu yangu ya parasetamo iligoma kunyooka

Mwaka wa mwisho chuo nilipewa projekti ambayo ukiisikia tu unasinzia: pima parasetamo inayeyuka kiasi gani kwenye mchanganyiko wa maji na ethanoli, halafu tafuta fomula ya kutabiri. Nikasema hii wiki mbili nimemaliza. Wiki mbili wapi!

Kazi yenyewe ni kama kukoroga sukari kwenye chai mpaka igome. Unaanza na maji matupu unapanda asilimia kumi kumi mpaka ethanoli tupu, unamwaga parasetamo ya kuzidi makusudi ili nyingine ibaki chini, unafunga chupa, zinatikiswa kwenye nyuzi 25 siku mbili tatu, ndo unachuja, unazimua, unasoma kwenye mashine ya UV (inapima mwanga ambao dawa imeufyonza) kwa nanomita 243. Umeme ukikatika usiku imekula kwako, mi nilianza upya mara mbili. Na ukichuja kwa sirinji iliyolala kwenye AC fuwele zinajijenga humohumo kwenye filta, jibu linatoka dogo na wala hujui kwa nini.

Sasa fomula. Mwaka 1972 mtafiti Yalkowsky na wenzake walitoa ile ya log (logariti), kila ukiongeza kiasi kilekile cha ethanoli umumunyifu, yaani kiasi cha dawa kinachoweza kuyeyuka, unazidishwa kwa namba ileile, kwahiyo ukichora log unapata mstari ulionyooka. Wangu ukapanda vizuri, kufika kama asilimia 80 hivi ukaanza kushuka. Nikajua nimeharibu, nikailaumu ethanoli (chupa imeandikwa 96, mi kwenye daftari naandika 100, aibu). Kumbe ndo tabia yake, parasetamo inaipenda ethanoli yenye maji kidogo kuliko ethanoli kavu.

Supavaiza akanielekeza kwenye fomula nyingine, Jouyban-Acree. Hii inachukua ncha mbili, maji matupu na ethanoli tupu, halafu inaongeza vipande vya kuupinda mstari, joto nalo limo ndani. Ekseli ikakubali, pointi zikakaa. Ila tusidanganyane, pointi 11 ukizipa namba tatu za kuchezea (za vile vipande), lazima zikae tu.

Kilichonishangaza zaidi nilikikuta wodini, nikiwa intern. Sindano ya diazepamu huwa imeyeyushwa kwenye propilini glaikoli, ethanoli na maji, nesi akaichanganya na dripu ikawa nyeupe kama tui. Akaniuliza, dokta, si nimeizimua, mbona inaganda? Nikachukua karatasi nikamchorea: ukiongeza maji kiasi sawa na dawa yenyewe, ukali wa dawa unapungua nusu, sawa, lakini viyeyushi navyo vimepungua, na uwezo wa kuyeyusha haushuki nusu, unashuka kwa mara kadhaa kama kwenye ile hesabu ya log, kwahiyo dawa iliyobaki haina pa kukaa. Akaitazama ile chupa, akaichomoa, akasema basi ungetuandikia hivyo ukutani.