Namba za Injini Tulizoziandika Mkuyuni

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na reli zake kugawanywa, mimi na binamu yangu tulikuwa na kazi moja tu wakati wa likizo: kukaa juu ya jiwe kubwa kule Mkuyuni, Mwanza, tukiisubiri treni ya Tabora ili tuandike namba ya injini yake ya mvuke katika daftari la hesabu. Mjomba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, ndiye aliyetufundisha kwamba tarakimu mbili za mwanzo hutaja daraja, yaani aina, la injini na mbili za mwisho ni za injini yenyewe, kwa hiyo 3112 ni ya kumi na mbili katika daraja la 31. Nyingi zilibeba ubavuni kibao chenye jina la kabila, nasi tulibishana ni kabila gani lililopewa injini yenye nguvu zaidi.

Watu hudhani zote zilikula makaa ya mawe. Hizi zilichoma mafuta mazito, na harufu yake iliganda kwenye mashati yetu hata mama akachoka kuyafua. Stesheni, msaidizi wa dereva alipanda juu ya tangi, akalivuta bomba la maji kwa mguu, na maji yalipofurika yakamwagika juu ya chuma cha moto, mvuke ulitufunika sote.

Dizeli zilipokuja, penseli zetu zilipumzika. Binamu angali anadai kwamba namba moja niliibuni, nami ningali nakana.