Pedi za breki za mbele za Toyota IST, nimebadili mwenyewe uwani

Wiki nzima gari lilikuwa linalia kwiii kila nikikanyaga breki. Kilio hicho kimewekwa makusudi: pedi nyingi zina kibati kidogo kinachoanza kukwaruza diski (sahani ya chuma inayozunguka na tairi) zikikaribia kuisha. Nikaenda Kariakoo kuchukua pedi za mbele, Jumamosi nikapaki uwani.

Tairi la nyuma nikaliwekea jiwe, nati nikazilegeza kabla ya kupiga jeki, kisha nikaweka stendi chini, maana jeki peke yake mimi siiamini hata chembe. Kalipa, yaani kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, imeshikwa na bolti mbili. Ukifungua ya chini inainuka kama boneti, pedi hizo hapo. Ya ndani ilikuwa imelika kuliko ya nje, dalili kwamba pini za kalipa zimekauka. Nikazichomoa, nikazifuta, nikazipaka grisi ya breki. Mafundi wa haraka haraka hapo ndipo wanaporuka.

Shughuli ilikuwa pistoni, ile ya ndani ya kalipa inayosukuma pedi. Pedi mpya ni nene, kwa hiyo lazima pistoni irudi ndani. Nikafungua kifuniko cha mafuta ya breki, nikaegemeza pedi kuukuu kwenye pistoni, nikaibana taratibu kwa klampu. Mafuta yale yasiguse bodi, yanababua rangi.

Ukimaliza usiwahi kuondoka! Kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, la sivyo breki ya kwanza inazama hadi sakafuni, na getini kwetu kuna mteremko.

Nyuma ni breki za ngoma, hizo najua zitanitoa jasho. Nani ana koleo la springi niazime?