Siku moja maishani mwangu: mtunza farasi, Usa River

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko bandani. Masika haya ni tope na baridi, Mlima Meru wenyewe umejifunika hauonekani. Kuzoa samadi, kubadilisha maji, kugawa majani, kuchokoa kwato: mpaka saa moja na nusu yameisha.

Nikafika kwa Jasiri, farasi mzee wa kijivu, amehasiwa zamani. Kuinama kumpiga brashi tumboni, nikaona ala, ile ngozi inayofunika uume, imejaa kama andazi. Vijana wa kijiweni wakisikia kwamba kukagua hapo ni sehemu ya kazi yangu, wanacheka mpaka machozi. Wacheke tu. Mkojo ukimuuma farasi, nani mwingine atajua?

Nikabonyeza kwa kidole, pakabaki shimo, naye hata hakushtuka. Hakuna joto, hakuna damu, hakuna harufu ya kuoza. Kipimajoto kikasoma 38. Farasi mzima huwa kati ya 37.5 na 38.5. Nikashusha pumzi. Angekuwa na homa, tena ametoka safari za porini kwenye mbung'o, ningewaza nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao, maana nayo huvimbisha tumbo na ala, na hapo lazima damu ipimwe. Lakini Jasiri hajatoka hapa. Mvua imemfungia bandani, anasimama kutwa kucha, maji ya mwili yameshuka chini. Uvimbe wa namna hiyo hupungua akitembezwa. Kilichonitia wasiwasi ni mkojo: ulikuwa unatoka kwa vipande vipande, na anajikamua. Nikampigia daktari wa mifugo.

Saa tatu mwenye farasi akafika na dumu la dawa ya kuulia vijidudu, ile kali ya kudekia sakafu.

"Huyo ni mchafu. Msugue na hii."

"Shikamoo mama. Hiyo itamuunguza."

"Marahaba. Nimesoma, uchafu ndio unavimbisha."

Uchafu unaweza kuvimbisha, kweli. Ila humo ndani kuna vijidudu vyake vinavyomlinda, na ukiviua kwa dawa kali, vibaya ndivyo vinavyohamia. Farasi wengi wanatosheka na kuoshwa mara moja au mbili kwa mwaka, wengine hata hawahitaji. Nikamweleza. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikanyamaza, maana mdomo wangu ungenifukuzisha kazi.

Daktari naye hafiki. Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, barabara ya Moshi imejaa mikungu ya ndizi na daladala zinazosimama popote. Kila nikishika ufagio, mama ananiita: "Bado tu? Kwani wewe huwezi?" Naweza. Ila kwa farasi anayekojoa kwa shida siingizi mkono kabla ya daktari. Akafungua dumu mwenyewe. Nikasimama katikati yake na farasi, na hapo tukaanza kutazamana. Chai yangu ilipoa juu ya debe.

Sijui ilikuwa saa ngapi daktari alipoingia, matope mpaka magotini. Akachoma sindano ya kumlegeza, uume ukashuka. Nikavaa glavu, maji ya uvuguvugu, sponji laini. Nasimama ubavuni karibu na bega, natazama mkiani, mkono mmoja mgongoni mwake, kwa sababu mguu wa nyuma wa farasi unafika mbele kuliko unavyodhani, hata akiwa amelegea. Ukoko mweusi wa mafuta ukatoka kwa magamba. Daktari akapapasa kwenye kijishimo kando ya tundu la mkojo, akatoa kijiwe cha kijivu ukubwa wa harage, uchafu ulioganda, ndicho kilichokuwa kinabana mkojo. Akatafuta na vivimbe vyeusi, maana farasi wa kijivu wakizeeka huviota hata humo. Hakuna. Tukasuuza vizuri, tukamaliza.

Sikuondoka mpaka uume ulipojirudisha wote ndani. Ukibaki nje baada ya sindano, ni dharura nyingine. Wala sikumpa majani kabla hajachangamka, angekabwa. Mgongo wangu ulishakufa zamani. Jioni akakojoa mkondo mmoja mrefu, nikamtembeza uwanjani na uvimbe ukaanza kulegea.

Dumu mama aliliacha mlangoni. Tumedekia choo, limebaki nusu.