Viti vya plastiki vilivyonitesa kuliko saruji

Mimi nakodisha viti na maturubai ya sherehe, nafanya sana njia ya Dodoma mpaka Singida na pikapu yenye tela. Kitabu cha gari kinaruhusu kuvuta tani 2, na viti 200 vya plastiki ni kama nusu tani tu, sasa mbona pale tambarare ya Bahi gari ilikuwa inahema, gia inashuka yenyewe, geji ya joto inapanda, wakati mifuko 20 ya saruji, tani nzima ile, inaivuta vizuri tu? Mlimani Saranda ni kweli saruji ndo inauma, ila kwenye tambarare shida ni upepo jamani. Viti vikipangwa virefu vinapita juu ya paa la kebini, hapo unasukuma ukuta hewani, na ukitoka spidi 80 ukaenda 100 ukinzani wa upepo unapanda zaidi ya nusu, nguvu inayotakiwa injini itoe kuushinda inakaribia mara mbili. Kilo zilizoandikwa kwenye kitabu hazikwambii hilo, ingawa baadhi ya watengenezaji wanaweka na kikomo cha ukubwa wa uso wa mbele wa tela, ule unaopigwa na upepo, nendeni mkasome vitabu vyenu.

Kilichonisaidia ni kupanga upya. Viti navigawa mafungu mafupi mengi, yajae tela lote lakini yasizidi paa la kebini, maturubai na vyuma vyake naweka chini na kwa mbele kidogo ya ekseli maana uzito ukikaa nyuma tela linayumba vibaya mno, halafu nafunika turubai moja nalikaza kamba kila upande lisipepee hata kidogo. Spidi yangu 80 basi, na overdraivu, ile gia ya juu kabisa ya mwendo mwepesi, nazima ili gia isicheze cheze na kuchemsha mafuta ya giaboksi.

Kurudi ndo kuna kazi zaidi, upepo wa kule kiangazi mara nyingi unatoka mashariki, kwa hiyo ukitoka Singida unakupiga usoni, ukiwa umeshika 80 na upepo unakuja na 20 tela linapigwa kama liko 100. Siku hizi natoka alfajiri kabla haujachachamaa, na ukinikuta nao njiani nashuka mpaka 70, dereva wa basi apige honi atakavyo, nampisha apite.