Andika jina, namba ya ID, simu, weka sahihi

Juzi nilikuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa chini ya kitanda nikakutana na gunia la mchele, lile la kilo 25, limefungwa kamba ya katani. Nililijua kabla sijalifungua. Ndani kuna mafaili manne ya karatasi za mahudhurio, na kama umewahi kufanya kazi na vikundi vya vijana huku Pwani ya Kenya basi sina haja ya kukueleza. Jina, namba ya ID, simu, umri, sahihi. Juu kabisa nembo tatu za wafadhili na jina la mradi, na kwenye jina la mradi wetu yamo yale maneno mazito: kuzuia itikadi kali miongoni mwa vijana.

Ilikuwa 2018. Sisi ni kikundi cha mpira upande wa Likoni, Mombasa, vijana thelathini na kitu, jioni uwanjani, Ijumaa usiku tunakaa barazani kwa mzee mmoja tunakunywa kahawa chungu na kubishana mpaka saa tano. Ukitaka ukweli ile baraza ndo ilikuwa mradi wenyewe na tulikuwa tunaifanya bure, mzee anatoa kahawa, ustadhi anapita akipata nafasi, mtu akianza kuleta maneno ya chuki kuhusu watu wa bara au kuhusu makafiri anajibiwa palepale na wenzake wanaomjua tangu anakojoa kitandani. Hatukuwa tumesikia neno CVE, kifupi cha Kiingereza cha kupambana na itikadi kali. Alafu likaja, manake serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kupambana na itikadi kali Septemba 2016, Kwale wakatoa mpango wao wa kaunti 2017, na ghafla kila mtu mwenye laptopu anatafuta kikundi cha vijana cha kuandika kwenye propozali.

Pesa zenyewe zinashuka kama maji ya mfereji wa juu. Serikali za nje zinatia kodi za wananchi wao kwenye mfuko, mfuko unalipa shirika kubwa Nairobi, la Nairobi linagawia la Mombasa, la Mombasa linawapa nyinyi wa mtaani. GCERF, ule mfuko wa Geneva ulioanzishwa 2014, unatumia mtindo huo wa kumpa mkubwa ili agawie wadogo na Kenya ni moja ya nchi zake, ila si wao waliotupa sisi, nawataja tu uone mtindo. Na kila tundu ambalo pesa inapita kuna mtu anataka ushahidi. Silaumu, pesa ya umma ni pesa ya umma, na huku kwetu ukimwachia mtu pesa ya lanchi bila karatasi atakula yeye na shemeji zake. Lakini ushahidi wenyewe ndo nini? Ndo ile karatasi.

Kikao cha kwanza kilifanyika ukumbini, si barazani, sababu bajeti ilisema ukumbi. Bango limetundikwa ukutani na maneno yote yale. Vijana wanaingia wanasoma bango, wanatafuta viti vya nyuma. Karatasi ikapitishwa na kalamu moja ya buluu. Mimi nimesimama mlangoni naiangalia inavyokwenda, mtu wa kwanza anaandika, wa pili anasoma kwanza upande wa juu, anaiweka mapajani, anamtazama jirani yake, jirani anacheka, alafu naye anaandika. Iliporudi kwangu nilikuwa na Sadio Mane, Mohamed Salah wawili, na mtu mmoja jina lake Juma Jumanne Jumatano. Namba za ID zote tarakimu nane kama inavyotakiwa, hilo walilifanya vizuri sana.

Nilicheka, na nilijua. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Februari 2014 polisi walivamia Masjid Musa kule Majengo wakakamata watu zaidi ya mia, mmoja akapigwa picha zikatoka magazetini akiwa mikononi mwao na hajaonekana tena. Aprili 2015 baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ikatangaza msamaha kwa vijana waliokwenda Somalia kujiunga na al-Shabaab warudi wajisalimishe, na waliojisalimisha si wote waliolala usingizi baada ya hapo. Na baadaye hata mtaani kwetu mama mmoja mwanawe alitoka kuswali Isha hakurudi. Sasa wewe niletee mimi karatasi yenye neno itikadi kali juu, alafu uniambie niandike jina langu na ID chini yake, niweke na sahihi! Hiyo kwa kijana wa Likoni ni kujiandikisha mwenyewe kwenye orodha, na hajui orodha inalala wapi usiku.

Alikuwepo mmoja wetu Mpemba, wazazi wake wavuvi upande wa Kwale. Yeye hakuandika kitu kwenye sehemu ya ID kwa sababu hakuwa nayo, Wapemba wa Kenya wametambuliwa kuwa raia 2023 tu. Karani wa lile shirika akamwambia bila namba hana nauli. Shilingi mia mbili. Yule kijana akatembea mpaka feri. Sisi tunapewa pesa ya kuwafanya vijana wajione ni wa nchi hii, alafu hilo ndo la kwanza tulilomfanyia.

Miezi minne baadaye mkaguzi akakaa na karatasi zetu akaanza kupiga simu. Namba ya Mohamed Salah ikapokelewa na mama mmoja Eldoret, hajui Likoni iko wapi, anauza mahindi. Tukaambiwa turudishe lanchi ya watu kumi na wanne. Tulilipa, tulichanga, na mweka hazina wetu aliuza simu yake nikamwonea aibu mpaka leo. Barua iliyokuja ilisema washiriki hewa. Hewa! Watu niliowaona kwa macho yangu wakila pilau.

Na usidhani ni sisi tu. Uingereza wizara yao ya mambo ya ndani ilikuwa na mfuko kama huo, Building a Stronger Britain Together, pesa kwa miradi ya jamii ya kupinga itikadi kali, na 2019 tamasha la vitabu la Bradford lilipojulikana kuwa limechukua pesa hizo waandishi kadhaa walijitoa. Watu wenye majina, wenye pasi nyekundu, mawakili tele, na wao hawakutaka jina lao likae kwenye karatasi moja na neno hilo. Nikasema mbona hawa nao ni Juma Jumanne.

Mwaka wa pili palikuja dada mmoja kutoka lile shirika la Mombasa, sitamtaja, mtu wa kwanza aliyekuja barazani akavua viatu akakaa chini. Akauliza, mnataka nini kibadilike? Tukamwambia bango na karatasi, basi. Akahangaika na wakubwa zake wiki tatu. Tukakubaliana hivi: tunaandika idadi, wanaume wangapi wanawake wangapi, umri kwa makundi, chini anasaini ustadhi na mzee wa mtaa kwamba watu hawa walikuwepo, na picha zinapigwa kutoka nyuma. Nauli tukaitoa kabisa, tukarudi kukutana barazani ambapo hakuna nauli ya kudai. Bango likakunjwa. Mwezi wa kwanza walikuja ishirini na sita, wa tatu tukakosa nafasi ya kukaa, na hapo ndo nilisikia vijana wanasema vitu nilivyokuwa sijavisikia ukumbini hata siku moja, nani anawapigia simu, nani anaahidi kazi ng'ambo na mshahara wa kutisha, nani anachukiwa na kwa nini. Kwenye ripoti tuliandika mistari miwili. Ilitosha.

Wakati huohuo ikaja sheria ya kulinda taarifa binafsi, 2019, na ukiisoma imani ya mtu imewekwa kabisa kwenye kundi la taarifa nyeti. Nilimpelekea karani mmoja kwa WhatsApp, akanijibu na kidole gumba.

Alafu Januari 2025 Marekani wakasimamisha misaada ya nje na miradi mingi ikazimwa kama taa, hata yetu ambayo haikuwa yao ikayumba kwa sababu lile shirika la kati lilikuwa linalipia ofisi kwa pesa za Wamarekani. Kufika Julai USAID yenyewe, shirika lao la misaada, imefungwa. Wafanyakazi wakaenda nyumbani. Baraza haikuyumba, kahawa ni ya mzee. Mimi kilichonikosesha usingizi ni kingine: kwenye ile ofisi kulikuwa na kabati la chuma, droo ya tatu, karatasi za mwaka wetu wa kwanza, pamoja na za vikundi vingine ambavyo vijana wao waliandika ukweli. Nikaenda. Nimekuta mlango una kufuli jipya na mlinzi ananiambia vitu vimebebwa na lori, meza, viti, makabati. Vimepelekwa wapi? Hajui, bosi. Nikapiga simu tatu, mbili hazipatikani, ya tatu imenipa namba ya mtu wa Nairobi ambaye ameniambia nitume imeili. Nilituma. Nimetuma tena.

Nakala zangu ndo zile za gunia. Mkataba ulisema tuzihifadhi miaka saba kwa ajili ya ukaguzi, na kutoka 2018 hesabu ishatimia, ndo maana juzi nililivuta nje mpaka uani. Nikamwita Mohamed Salah, mmoja wa wale wawili, siku hizi anaendesha tuktuk na ana watoto. Akaja na tuktuk yake, akafungua faili la kwanza, akatafuta mstari wake kwa kidole, akacheka akiona sahihi yake ya uongo jinsi alivyoipamba. Alafu akanyamaza, akarudi mstari mmoja juu. Pale, kwa mwandiko mzuri wa madrasa, kuna jina la kweli na namba ya kweli ya mtoto wa yule mama wa mtaani kwetu, yule aliyetoka kuswali Isha, aliandika miezi mitano kabla hajapotea.

Akaniomba ile karatasi moja tusiichome. Ampelekee mamake aone mwandiko.