Nilivyoongoza shifti ya kaunta na watu wa depo moja na mimi

Nilipopanda usajenti polisi nikapewa shifti ya kaunta ya kituo, na humo kulikuwa na makoplo wawili tuliotoka nao depo moja, yaani chuo cha polisi Moshi, tumelala hanga (bweni) moja kabisa, leo mbele za watu wananiita afande alafu tukibaki wenyewe wanacheka. Sio rahisi wakuu. Ukikaza wanasema umebadilika, ukilegeza kituo kinaharibika na anayeitwa na OCS, mkuu wa kituo, ni wewe.

Kilichonishtua ni kesi moja ya wizi. Mtuhumiwa kaletwa asubuhi, kaunta hawakuandika muda, mpelelezi akaja kuchukua maelezo ya onyo (yale mtuhumiwa anayotoa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani) jioni. Sasa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kifungu cha 50 inatoa masaa 4 ya kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi, mkihitaji zaidi kuna kuongeza muda kifungu cha 51, na hapo hakuna aliyeongeza. Wakili akaliona hilo, maelezo yakakataliwa mahakamani, kesi ikafa. Mama aliyeibiwa akaja kaunta akaniuliza "kwa hiyo mwanangu ndo imeishia hapo?" sikuwa na jibu, mpaka leo inaniuma.

Nikaanza na muda wa kukabidhiana. Kila tukiingia shifti naenda mwenyewe mahabusu na rejista, naita jina moja moja, umeletwa saa ngapi, umekula, ndugu zako wanajua uko hapa, una sehemu inauma? Wiki ya kwanza tu tukakuta kijana wa bodaboda hayupo kwenye kitabu kabisa, doria ya usiku ilimshusha ikaondoka. Sikufoka. Nilimvuta koplo nyuma ya kituo nikamwambia ndugu yangu, huyu akifia humu ndani tutasema ni nani? Akanyamaza muda mrefu kweli, tukarudi tukamwandika. Ningemsema pale mbele ya makonstebo angenikasirikia mimi, asingemfikiria yule kijana.

Kitu ambacho sikubembeleza mtu ni hela. Dhamana ni bure, hakuna cha hela ya karatasi wala ya maji, niliwaambia siku ya kwanza na nikarudia kila wiki, na ndugu wa mtuhumiwa wakija naongea nao mimi mwenyewe pale pale kaunta kila mtu asikie. Aliyeumizwa pia anapewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali kwanza, maelezo yatafuata, maana nimeshaona mtu anavuja damu huku anaulizwa kabila.

Na rosta ya usiku nikajiweka na mimi sawa na wao, hapo ndo kucheka kukaisha.

Juzi nimefika nikakuta yule koplo ameshamaliza kuita majina, na pembeni ya kila jina ameandika saa na dakika.