Hisa za punguzo, nichukue au niache?

Jamani hii ofa ya hisa mpya za kampuni ya mafuta, tunayopewa sisi wenye hisa tayari kwa bei ya punguzo, inanikosesha usingizi, hapa Dodoma kila mtu ananiambia chukua ni bei ya kutupa. Haya tupige hesabu: chukulia una hisa 4 za shilingi 1,000, unauziwa ya 5 kwa 600, jumla 4,600 gawa kwa 5 unapata 920, yaani bei sokoni inaelekea huko, na usiponunua fungu lako la umiliki kwenye kampuni linapungua. Halafu EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, wanapanga bei kikomo ya mafuta kila mwezi so faida ya pampu haipandi hovyo. Mi nataka kwanza nijue kampuni inachukua hela zetu kujenga maghala au kulipa madeni, kama ni madeni hela yangu ya zabibu siitoi.